Mlingoti Ambao Sikuupanda

Tangu nirudi mmeniuliza kila asubuhi pale kwa fundi cherehani, vikombe vya kahawa mikononi: "Mzee Amuri, Kabambare ilikuwaje?" Na kila mara nimewasimulia habari ya pine ya pikipiki iliyopasuka mara nne njiani. Mmecheka, mmeridhika, nami nimekwenda zangu. Pine ilipasuka kweli, lakini si hilo lililotokea. Lililotokea nimeona niliandike, kwa sababu mdomoni nimezoea kupamba maneno, na karatasi inanibana kidogo.

Ninyi nyote mnanijua kama yule mtoto wa mwaka wa sitini. Siku ya uhuru, pale posti ya Kabambare, penye ofisi za serikali, bendera ya Wabelgiji iliteremshwa, bendera mpya ikafungwa, na kamba ikakwama juu kabisa ya mlingoti. Askari walivuta, ikakataa. Ndipo mtoto mmoja akatoka katikati ya watu, akaupanda ule mti mpaka kileleni, akaikwamua kamba, bendera ikapanda. Mmenisikia nikiyasimulia hayo shuleni. Kila tarehe thelathini Juni mmenipa kiti jukwaani. Watoto wenu wamenichora kwenye madaftari yao, mdogo kama mjusi, mlingotini.

Mtoto yule hakuwa mimi. Alikuwa dada yangu Mwamini, mwenye miaka tisa. Mimi nilikuwa na saba, na siku ile sikufika hata posti. Niliachwa kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu, nilinde mpunga ulioanikwa kwenye mikeka ili kuku wasiule.

Baba alimchapa Mwamini siku ile kwa kupanda mbele ya wanaume, miguu wazi, akakataza habari hiyo isitajwe tena nyumbani. Haikutajwa. Baadaye mimi nilipelekwa shule, yeye hakupelekwa. Nilipokuwa sekondari, mwalimu alituambia tuandike juu ya siku ya uhuru, kila mtu na alipokuwa. Nikaona aibu kuandika kuku na mpunga. Nikaandika ya dada yangu, nikaweka "mimi". Mwalimu aliisoma mbele ya darasa zima. Ningeweza kusema ukweli saa ile ile. Sikusema, na kila mwaka uliofuata ulizidi kunifunga mdomo.

Miaka michache iliyopita niliisimulia redioni. Sauti ilifika Kabambare. Haukupita mwezi, mchuuzi mmoja akaniletea ujumbe wa dada yangu: "Anakuuliza kama kuku walishiba." Baada ya huo hakuna salamu nyingine iliyokuja.

Mwaka huu nilipigiwa simu na Mapenzi, mjukuu wa Mwamini, ambaye ni mwalimu kule. "Babu," alisema, "watu waliokuwepo siku ya uhuru wamebaki wachache. Tunataka wote wakae mbele. Watoto wanakungoja wewe wa mlingoti." Sauti yake ilikuwa na furaha. Kumbe Mwamini hakuwa amewaambia hata wajukuu wake. Basi nilijua ninachokwenda kukutana nacho: kiti cha heshima mbele ya macho ya mtu niliyemwibia. Ama nikikalie na uongo wangu, ama niseme.

Kutoka Kasongo hadi daraja la magogo mawili

Motari aliyenibeba kwa pikipiki yake aliitwa Feruzi, mtu wa miaka arobaini hivi, mnene wa mabega na mwepesi wa ulimi. Nyuma ya moto yake, ndiyo hiyo pikipiki, alinifunga mimi, mfuko wangu wa ngozi, bidoni mbili zilizojaa mafuta mekundu ya ngazi, yale ya mchikichi, na bunda la bendera ndogo za karatasi kwa ajili ya duka moja la Kabambare. Nilivaa koti langu jeusi la jukwaani na kofia. Feruzi alinitazama juu mpaka chini.

"Papa, tunaenda harusi?"

"Tunaenda mbele ya watu."

"Vumbi haijue watu," alisema, akawasha moto.

Alisema kweli. Kabla jua halijawa kali koti lilikuwa jekundu kama tofali. Tuliwapita wasukuma baiskeli waliopakia mikungu ya ndizi hata baiskeli yenyewe haionekani, na kila mmoja alitupigia kelele tupunguze mwendo. Pine ilipasuka mara ya kwanza karibu na shamba la mihogo. Mwenye shamba alitupa mihogo ya kuchemsha na maji, akakaa nasi akimkosoa Feruzi jinsi anavyobandika kiraka. Pine ilipopasuka tena, mbele kidogo ya hapo, Feruzi alisema ni ulimi mbaya wa yule mwenye shamba.

Alasiri tulifika kwenye kijito ambacho daraja lake lilikuwa limebaki magogo mawili. Feruzi aliisukuma moto juu ya gogo moja, yeye akitembea juu ya lingine, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Mimi nilijaribu kusimama, nikashindwa. Nikaketi juu ya gogo, nikavuka kwa makalio, nikijisogeza kidogo kidogo, koti likikwanguka.

Wanawake waliokuwa wakiloweka mihogo chini ya daraja waliacha kazi. "Papa!" mmoja aliita. "Hata mbuzi zetu zinapita wima!"

"Mumuache!" Feruzi alijibu kutoka ng'ambo. "Huyu mutu munamucheka ndiye alipanda mlingoti ya uhuru, mwaka wa sitini!"

Yule mama alinitazama nilivyokuwa, miguu inaning'inia kila upande wa gogo. "Huyu? Basi ile mlingoti ilikuwa imelala chini!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka. Nafasi ilikuwa nzuri ya kusema, "Mama, umesema kweli," na hakuna ambaye angeumia. Nilijipangusa suruali, nikapanda moto.

Lusangi, walipotukimbia

Tulifika Lusangi kesho yake mchana. Kule watu wanalima, lakini wengi siku hizi wanachimba dhahabu, wametoka Bukavu, Fizi, Kalemie na kwingineko. Nilikuwa na njaa na nilitazamia mahali pachangamfu. Badala yake, tulipoingia, milango ya mabati ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Vijana waliokuwa wakicheza karata waliziacha mezani. Mtu mmoja alikimbilia vichakani na sabuni kichwani, povu linamtiririka. Alibaki mama mmoja tu kwenye banda la chakula, akikoroga sufuria ya majani ya mihogo.

"Wewe hukukimbia?" nilimwuliza.

"Sombe itaungua," alijibu. Kisha, kwa unyenyekevu usiolingana na mkono wake ulioshika mwiko kama rungu: "Chef, munakuja kutufungia machimbo? Mungengoja basi sikukuu ipite."

Ndipo nikaelewa. Koti, kofia, mfuko wa ngozi: walidhani mimi ni mkubwa fulani aliyetumwa. Feruzi alikaa chini kwa kicheko. "Mama, huyu haiko mkubwa wa kitu! Ni babu wa mlingoti! Yule wa redio!"

Mama huyo, Mama Nsimire, alinikazia macho. Kisha akageukia vichaka na kupaza sauti: "Murudi! Haiko serikali! Iko historia!"

Walirudi wakicheka na kutukanana kwa sababu ya mbio zao, wa sabuni akiwa wa mwisho. Kandokando ya kijito vichaka vyote vilikuwa vimeanikwa suruali za rangi ya udongo. Waliniambia ndiyo desturi yao: siku mbili kabla ya tarehe thelathini kila mtu anafua, na siku yenyewe hakuna anayeshuka shimoni. Mbuzi huchinjwa na Mwislamu ili wote waweze kula, katekista huombea chakula, na baada ya hapo hucheza mpira miguu mitupu, waliozaliwa kando ya ziwa wakipambana na waliozaliwa juu milimani. Nilipowauliza kwa nini hawashuki shimoni, mmoja alisema: "Papa, siku moja kwa mwaka tuone jua kama watu wengine."

Mama Nsimire alituchinjia kuku. Alimpika kwa mafuta ya ngazi na pilipili, pamoja na bugari laini la unga wa mihogo, akaniwekea firigisi peke yake kwenye kisahani. Walikaa wakinizunguka, wengi zaidi ya ishirini, wakangoja nimeze.

Nilisimulia. Siwezi kujitetea. Nilijua ninakokwenda na ninachokwenda kukisema, na bado nilisimulia, tena niliongeza upepo mkali ambao haukuwepo hata katika uongo wangu wa zamani. Nilipomaliza, mchimbaji mmoja mwenye kovu shavuni alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Papa," alisema, "sisi maisha yetu ni kushuka. Weye ulipanda."

Nilimshukuru, nikaomba maji ya kunawa.

Lusangi hadi Kabambare

Asubuhi redio ilitangaza kwamba mwaka huu hakutakuwa na defile, gwaride la sikukuu. Watu wakae makwao, wawakumbuke waliokufa, watafakari. Feruzi alisikiliza akiwa ameinamia pine ya nyuma, iliyokuwa imepasuka mara ya tatu.

"Watafakari," alisema. "Na mimi nimebeba bendera za karatasi toka Kasongo kama yai."

Njia nzima habari hiyo ilitutangulia. Katika kijiji kimoja wanafunzi walikuwa wamejipanga tayari kwa mazoezi, soksi nyeupe, mwalimu wao amesimama mbele na filimbi mdomoni asijue aipulize au aitoe. Kwingine fundi ngoma alikuwa amekwisha kukaza ngozi, akatuuliza kama ni kweli, na tulipomjibu akaizungusha ngoma ikatazama ukuta, kama unavyomgeuza mtoto aliyekosa.

Mimi moyoni nilifurahi, na hilo nalo nalikiri. Nilidhani bila defile hakutakuwa na mkutano, na bila mkutano hakuna kiti. Ningemwomba Mwamini msamaha jikoni, tungelia kidogo, ningerudi Kasongo na heshima yangu nzima. Nilianza hata kuimba nyuma ya moto.

"Papa umechangamka," Feruzi alisema.

"Hewa nzuri," nilijibu, na papo hapo pine ikapasuka mara ya nne.

Kwa Mwamini

Alikuwa kwenye kinu, anatwanga majani ya sombe, mwanamke mwembamba aliyenyooka kuliko mimi. Nilishuka nikasimama. Hatukuwa tumeonana kwa miaka kumi na kitu.

"Yaya," nilisema, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu.

Alitua mchi. Alinitazama kutoka kofia mpaka viatu. "Umezeeka vibaya," alisema. "Nani alikuvalisha koti kwa hii vumbi?" Kisha akamwita Mapenzi aniletee maji ya kuoga.

Mapenzi alinikumbatia. Alikuwa na karatasi mkononi, orodha ya mambo ya kesho. Nilimwuliza kama bado kuna kesho, maana redio ilikwisha kusema. Alicheka. "Babu, walikataza defile. Hakuna aliyekataza salongo. Kesho watu wote watatoka na majembe kusafisha barabara. Sasa kama wakienda kwa mistari, na kama wakiimba, ni kosa la barabara kuwa nyembamba. Halafu tutaketi shuleni, wazee wataulizwa."

Hewa nzuri ikaisha.

Alipoondoka kwenda shuleni, niliketi karibu na kinu, mlangoni mwa jiko. Mwamini alitwanga. Nikaanza kusema niliyokuwa nimeyapanga tangu Kasongo, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba mwalimu aliisoma kabla sijajua la kufanya, kwamba ni miaka mingi. Hakusimamisha mchi mpaka niliposema neno msamaha.

"Amuri," alisema, "uliniibia jikoni?"

"Hapana."

"Uliniibia wapi?"

"Mbele ya watu."

"Basi jikoni unaniomba nini?" Akamimina sombe kwenye sufuria, akapangusa kinu kwa kiganja. "Kula, ulale. Sombe hii nimeweka karanga. Ulikuwa unapenda karanga."

Tarehe thelathini

Walitoka mapema, jua halijawa na nguvu. Sijaona salongo kama ile. Mbele walikwenda wanafunzi na mafagio ya majani mabegani kama bunduki. Nyuma yao akina mama wa sokoni, majembe juu, vitenge vya aina moja. Kisha watu wa msikiti na watu wa parokia, kila kundi likidai halikujipanga bali limejikuta tu. Mwishoni motari, wakisukuma moto zao bila kuziwasha, na Feruzi kati yao, bendera ndogo ya karatasi imechomekwa kwenye kofia. Mwenye duka alikuwa amezigawa zote bure.

Karibu na ofisi, karani mmoja alitoka nje, akasimama barazani mikono kiunoni. "Jamani! Hii siyo defile?"

"Hapana, chef!" akina mama walijibu kwa wimbo. "Tunatafakari na majembe!"

Karani alitazama upande huu, akatazama upande ule. Akaingia ndani. Kidogo akatoka tena, na yeye ana jembe.

Walifanya kazi kweli. Walifyeka pembeni, walijaza mashimo, walizibua mifereji, na barabara ilipofika mbele ya shule ilikuwa safi kama uwanja wa nyumba. Ndipo tukaketi. Viti vinne viliwekwa mbele, na Mapenzi akaeleza: kila mwaka wanaweka viti vya watu waliokuwa hai siku ile, na watoto wanawauliza swali moja tu. Zamani, alisema, viti vilijaa safu tatu.

Kiti cha kwanza alikaa Mzee Kitenge, mfumaji wa vikapu. Msichana wa darasa la sita alisimama. "Babu, siku ile ulikuwa wapi?"

"Msituni," alisema Mzee Kitenge. "Nilikuwa kijana mwenye nguvu, na tulisikia uhuru inakuja na kamyo, ile gari kubwa. Mama akaniambia, kila kitu ilikuja na kamyo ilichukua vijana. Nikakimbia. Nilirudi siku tatu baadaye, nikakuta watu wamekwisha kucheza."

Watu walicheka, yeye akacheka kuliko wote. Mama mmoja mzee wa kiti cha pili alisema alikuwa anajifungua, na mtoto aliyezaliwa alisimama kule nyuma, babu mwenye upara, akapunga mkono. Akapigiwa makofi kama mchezaji.

Kisha msichana akageukia kwangu. Mwamini alikuwa kiti cha nne, karibu nami, mikono mapajani. "Babu wa mlingoti," msichana alisema, na watoto wote wakasogea mbele kidogo kwenye mikeka yao. "Siku ile ulikuwa wapi?"

Nilisimama. Nimesema mbele ya watu maisha yangu yote, na sijawahi kutokwa jasho namna ile.

"Sikuwa mlingotini," nilisema. "Aliyepanda ni huyu hapa, dada yangu Mwamini. Mimi sikuwepo. Niliichukua habari yake nikiwa sekondari, nikaifanya yangu, nikakaa nayo mpaka leo. Shule za Kasongo nimezidanganya. Redioni nilidanganya. Juzi Lusangi nilidanganya nikala kuku. Hakuna aliyenilazimisha. Namwomba msamaha mbele yenu."

Nilisikia bendera za karatasi zikipepea kwenye kofia za motari. Mapenzi alikuwa ameshika mdomo wake, akimtazama nyanya yake kana kwamba amemwona mtu mgeni. Halafu sauti ya Feruzi ikatoka nyuma, ya mtu aliyeumia kweli: "Papa! Hata ile upepo?"

"Hata upepo," nilisema.

Kicheko kilianza kwa motari, kikaenea mpaka kwa karani. Hakikuwa kicheko cha kuniua. Lakini sikuona haki ya kuketi tena, nikaanza kuondoka kwenda kusimama na watu.

"Nani alikuambia usimame?" Mwamini alisema.

"Yaya, kiti hiki..."

"Hiki kiti ni cha watu walikuwa hai siku ile. Ulikuwa maiti? Kaa."

Nilikaa. Yeye ndiye aliyesimama. Aliulizwa swali lile lile, na nilidhani atasema maneno mawili tu, kwa kuwa alikuwa amenyamaza zaidi ya miaka sitini. Alisimulia mpaka kivuli cha shule kikafika miguuni petu. Alisema mlingoti ulikuwa mti mbichi, bado unatoa utomvu, na sisimizi walikuwa wamejaa. Alisema askari walimwambia ashuke na yeye akajifanya hasikii. Mtoto mmoja alimwuliza aliona nini kutoka juu, na mimi nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikisema kwamba niliona nchi nzima mpaka Lualaba.

"Niliona choo cha polisi," alisema Mwamini. "Halafu nikafumba macho. Nilikuwa naogopa, mutoto wangu! Kamba niliikwamua kwa meno, maana mikono ilikuwa imekumbata mti."

Walipiga kelele za furaha. Wakamfanya arudie habari ya meno. Mapenzi alilia na kuandika, akalia na kuandika. Hapo nikaona kwamba habari ambayo nilikuwa nimeipamba miaka yote ilikuwa nzuri zaidi bila mapambo yangu.

Watu walipoanza kuinuka kwenda kwenye chakula, yule msichana wa darasa la sita aliinua mkono tena. Alinitazama mimi. "Babu, bado hujajibu. Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyumbani. Nalinda mpunga."

"Ilikuwaje?"

Nilikuwa nimeisimulia siku ya dada yangu mara nyingi hata yangu ilikuwa imefutika. Nilijua kulikuwa na mpunga kwa sababu tuliambiwa hivyo nyumbani. Sikuuona. Sikuona mikeka, wala kuku, wala mikono yangu mwenyewe. Msichana alingoja kwa adabu. Nikamgeukia Mwamini anisaidie.

"Mimi nilikuwa posti," alisema polepole. "Siku yako hakuna aliyeiona." Akamwambia msichana: "Mumuache. Ataitafuta."

Tulikula wali, maharagwe na samaki wa kukausha, kwa pamoja, kwenye masinia. Mwamini alinisogezea upande wenye samaki. Nilishiba vizuri.

Kurudi

Nilikaa kwake siku tano. Tuligombana juu ya jina la mbwa tuliyekuwa naye utotoni, na juu ya nani alivunja mtungi wa bibi. Asubuhi ya kuondoka alinifungia karanga, akasema nisikae tena miaka kumi maana yeye hana kumi nyingine za kunipa.

Lusangi nilimtafuta Mama Nsimire nikamwambia ukweli, na yule mwenye kovu shavuni alikuwepo. Mama Nsimire aliendelea kukoroga sufuria. "Kuku iko kuku," alisema. "Umekula, haitarudi kwenye tundu." Yule mchimbaji aliinuka akaenda zake. Baadaye, nilipokuwa napanda moto, alikuja akanisaidia kuweka mguu, akasema, "Umusalimie yule mama." Nilimwahidi.

Feruzi alininyamazia mpaka daraja la magogo mawili. Hapo alinishika mkono tukavuka wote wawili, wima.

Mbele ya hapo, katika kijiji ambacho sikulijua jina lake, watu walikuwa wameanika mpunga kando ya barabara. Nilimwomba Feruzi asimame. Niliketi karibu na mikeka, mwenye nyumba akanitazama kwa wasiwasi, nikamwomba aniruhusu tu. Harufu ya mpunga uliochomwa na jua ilinipanda puani. Nilikaa pale, siku yangu ikinirudia kipande kipande, mpaka Feruzi akaanza kukohoa.

Kwa hiyo mwakani, shule zenu zikitaka habari ya mlingoti, zimwite Mwamini. Amesema atakuja ikiwa motari ni Feruzi. Mimi mkiniita nitawaambia nilichokipata, nacho ni kidogo. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha ghala na fimbo ndefu ya mwanzi. Punje za mpunga zilikuwa zimenigandia mapajani. Upande wa posti nilisikia ngoma, nikadhani ni harusi, nikaona uchungu kwamba wamekwenda kula bila mimi. Nililia, nikanyamaza, nikafukuza kuku. Jua liliposhuka walionekana njiani wakirudi, na Mwamini alikuwa anakimbia mbele ya wengine wote. Alipita moja kwa moja mpaka kwangu, akapiga magoti kwenye mkeka juu ya mpunga, akafungua viganja vyake vilivyochubuka, akanionyesha mimi kabla ya mtu mwingine yeyote wa nyumbani.